Ndoo ya Asali ya Kupeleka Ujiji: Mwaka Niliopewa Talaka

Ndoo ya lita 20 ukiijaza maji ina kilo 20. Ukiijaza asali inafika kilo 28 hivi. Hesabu hiyo niliijulia kwenye ngazi za behewa, stesheni ya Tabora, mwanzoni mwa Mei 2024, mkoba ukiwa begani, baibui limenaswa kwenye kidole cha mguu, na nyuma yangu foleni inasukuma. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, umebeba mawe?" Nikamwambia ni asali, na wala si yangu.

Mwaka ule uliniondolea vitu vitatu kwa mpigo: ndoa ya miaka 11, nyumba niliyokuwa nikiishi, na kazi, maana nilikuwa nikiuza duka la mume. Mtu akitoka kwenye ndoa ya namna hiyo anatoka na nguo zake na watoto kama anao. Mimi sikujaaliwa, nikatoka na nguo na bangili mbili za dhahabu. Tangu nirudi kwenye hali ya kawaida, dada na wadogo zangu kadhaa waliopatwa na kama yangu wameniuliza nilivukaje. Wengi wanategemea niwaambie habari za maombi, au ushauri nasaha, au kujipenda. Hayo yana nafasi yake. Mimi kilichonivusha ni kubeba mizigo ya watu, na nasema mizigo kwa maana ya mizigo, ile ya kufunga kamba.

Lakini kabla ya mizigo kulikuwa na eda, ile miezi mitatu ya kutulia ambayo dini yetu ya Kiislamu humwamuru mwanamke aliyeachwa.

Talaka ilinikuta wiki ya kwanza ya Januari. Kwa sheria ya dini ilinipasa nikae eda palepale nyumbani kwa mume, ila wenye kuyajua wanajua mambo yanavyokwenda mitaani kwetu. Nilirudi kwa mama, Isevya. Wiki ya pili nilikuwa nimeshapanga kwenda Dar es Salaam kwa rafiki yangu mmoja, niuze bangili zote mbili, nifungue saluni. Sijawahi kusuka hata mtoto. Nilipomweleza mama, hakubishana na saluni. Alisema tu, "Eda ni eda," akaendelea kuchambua mchele.

Basi nikakaa. Nilikuwa na kaunta buku, nikawa naandika kila jambo ninalotaka kulifanya nikitoka pale ndani. Mwisho wa Januari yalikuwa tisa. Kulikuwa na saluni, kulikuwa na kubadilisha namba ya simu, kulikuwa na jambo moja la kumfanyia mwanamke fulani ambalo nashukuru Mungu halikufanyika. Ramadhani ikaingia Machi, ikatoka, tukasali Idi tarehe 10 Aprili. Nilipolifungua daftari baada ya Idi, nilifuta saba bila kusita. Yalibaki mawili: kuondoka Tabora kwa muda, na kuuza kitu changu mwenyewe.

Kwa hiyo la kwanza ninalomwambia anayeniuliza ni hili: jipe miezi mitatu, hata kama dini yako haikuamuru. Mambo unayoyataka kwenye wiki ya pili si wewe unayeyataka. Ni hasira na aibu zinakutumia mkono wako kusaini.

Sasa mizigo. Jirani yetu ni mzee wa Kimanyema, watu ambao mababu zao walitoka upande wa Kongo na misafara ya zamani wakatapakaa Ujiji na hapa Tabora. Ana mizinga yake huko porini, na ana dada yake Ujiji. Jioni moja alinikuta barazani akanisalimu, akazunguka weee, kisha akasema amesikia nataka kusafiri. Sikujua kasikia wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaamua niende wapi. Nilikuwa nataka tu kutokuwapo. Akasema, "Mwanangu, kama unakwenda upande wa ziwani, nina ndoo ya dada yangu. Mwaka wa pili huu sijapata mtu wa kumpa."

Sikuwa nakwenda upande wa ziwani. Baada ya ile ndoo, nikawa nakwenda.

Kwa mwanamke aliyeachwa, swali gumu kuliko yote njiani ni "Unakwenda kwa nani?" Linaulizwa na kondakta, na jirani wa kiti, na mama ntilie anayekupakulia. Linaulizwa kwa wema kabisa, ndivyo watu wetu walivyo. Ukiwa huna jibu, unajikuta unaanza kueleza maisha yako kwa mtu anayeshuka Urambo. Mimi nilikuwa na jibu: nampelekea bibi fulani asali, Ujiji, katumwa na kaka yake. Watu wakageuza mazungumzo palepale. Ni ya nyuki wakubwa au wadogo? Ya msimu huu? Umeifungaje? Kutoka Tabora mpaka Kaliua tulizungumzia asali, na Nguruka walipopanda wauza samaki wakavu tukahamia kwenye samaki, na nilipokuja kujikumbuka nilikuwa nimepitisha masaa mengi bila kufikiria nyumba ya watu.

Nilipokuwa mtoto shuleni tulipelekwa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, kuangalia tembe aliloishi Livingstone. Tulichokijali siku ile ni mikate. Lakini kwenye treni nilikumbuka kitu alichotuambia mwalimu: kwamba Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji baada ya kukutana kule mwaka 1871, iliwachukua karibu miezi miwili kufika Tabora, na kwamba Stanley alipokwenda zake pwani, Livingstone alikwama Kwihara miezi mingi ya mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Mzungu mwenye jina dunia nzima hawezi kutoka mlangoni mpaka mtu wa kubeba apatikane. Na wabebaji wenyewe, Wanyamwezi, kwao safari ya kwenda pwani ilikuwa ndiyo heshima. Kijana aliyeibeba pembe mpaka Bagamoyo akarudi alikuwa mtu mzima. Njia hii ninayoisema ni njia ya mizigo toka zamani. Kupita bila mzigo ndiko kungekuwa ajabu.

Kigoma inaitwa mwisho wa reli na ukishuka unaona kwa nini: behewa, mteremko kidogo, kisha maji. Reli ilifika hapo 1914 na haikuwa na pa kwenda tena. Nilichukua bajaji hadi Ujiji. Bibi alinipokea mlangoni, akaitazama ndoo kabla ya kunitazama mimi, akaifunua, akachovya kidole, akafumba macho. Kisha akasema, "Ingia, mjukuu." Nilikuwa nimepanga kulala gesti. Sikulala gesti hata siku moja kwa miezi miwili. Na najua kabisa gesti kungekuwaje: ningelipia siku tano, nikalala chali nikitazama dari na simu, nikarudi Tabora nikiwa na deni.

Kule nilikuta nina kadha za Ramadhani za kulipa, yaani zile siku ambazo sikufunga. Kumbe Kigoma jua linazama nyuma ya Dar kwa zaidi ya nusu saa, linashuka taratibu kwenye milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa kama halitaki. Ni kweli na asubuhi linachelewa kuchomoza, kwa hiyo saa za kufunga ni zilezile, lakini tumbo haliijui hesabu hiyo. Bibi alikuwa akinicheka nikikaa uani nalitazama. Tulikuwa tukifuturu kwa mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, na sombe, ambayo kwetu ni kisamvu. Nilinenepa.

Nilikuja na wazo la biashara: dagaa. Niliuza bangili moja (moja tu, nyingine ninayo mpaka leo) na mtaji wote ulikuwa laki 6 na nusu. Nikaenda mwalo wa Kibirizi nikiwa na daftari langu kama mtu mwenye akili. Chanja za kuanikia zilikuwa tupu. Nikauliza kama ni mbalamwezi, maana niliambiwa mwezi ukiwa mkubwa hawavui, dagaa hawaifuati taa. Mama mmoja akanitazama kwa huruma: "Ziwa limefungwa."

Mwaka huo nchi nne zinazozunguka Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilisimamisha uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Habari hizo zilikuwa zimetangazwa kila mahali. Mimi nilikuwa eda, redioni nasikiliza mawaidha.

Hapa naomba nikae kidogo, maana watu hupenda kunisifia kwamba nilikwenda Kigoma "kujitafuta" nikafanikiwa. Nilikwenda kuuza dagaa kwenye ziwa lililofungwa. Kama ningekuwa nimekwenda kwa ajili yangu peke yangu ningerudi na treni iliyofuata, na ningejihesabia hilo kama talaka ya pili. Ila bibi alikuwa ameshanipa kazi ya kupeleka chumvi kwa mtu Mwandiga, na huyo mtu wa Mwandiga ana michikichi na anakamua mawese, naye akaniambia kuna mteja wake anataka madumu mawili yafike Tabora. Mzigo mmoja huzaa mwingine. Sikulitafuta hilo.

Kwa hiyo Juni yote nilikuwa Mwandiga nikijifunza mawese. Kuchemsha chikichi, kuziponda, kukamua, kuchemsha tena mpaka maji yaishe, na moshi unaokaa kwenye nywele wiki nzima. Wale wanawake wa mwaloni wengi wao walikuwa hapohapo, ziwa limewafungia nao wamegeukia mawese, vitumbua, vibarua vya shamba. Hakuna aliyekuwa akilia. Mmoja aliniambia miezi mitatu si mingi, samaki nao wana eda yao. Tukacheka mpaka tukaunguza sufuria.

Julai nikarudi Tabora na madumu matatu, mawili ya watu na moja langu. Dumu la lita 20 la mawese ni kilo 18 tu, jepesi kuliko la maji. Baada ya ile asali nililiona kama mto wa kulalia. Ila nilipata darasa lingine. Julai Tabora kuna baridi usiku, na mawese yakaganda. Mteja wa kwanza akanirudishia, anasema nimechanganya na kitu. Nililianika dumu juani mbele yake saa moja na nusu, mimi na yeye tumekaa kwenye kigoda tunalitazama, mpaka yakawa mafuta tena. Akanunua lita tano na akaniomba radhi. Ukiuza mawese huku kwetu wakati wa baridi, mwambie mteja mapema.

Kwenye safari hiyohiyo kuna jambo ambalo lazima niliseme, kwa sababu ushauri wangu unaweza kumtia mtu matatani. Stesheni Kigoma alinijia kaka mmoja, nadhifu, na katoni iliyozungushiwa gundi ya karatasi kila upande. Kuna mtu ataipokea Tabora, mimi nishike tu, na hapa elfu 30 ya chai. Nikamwambia sawa, tuifungue kwanza. Akacheka, akasema ni vifaa vya simu. Nikasema hata mimi napenda kuviona. Akaondoka bila kuaga. Mzigo wa kubeba ni ule unaojua kilichomo, unamjua aliyekutuma, na unaijua nyumba unakokwenda. Ukikosa kimoja, acha. Na anayekulipa vizuri kupita uzito wa mzigo wake, muogope.

Ziwa lilipofunguliwa Agosti nilikuwa nimesharudi Kibirizi. Nilikuwa na haraka, na haraka ile ilinigharimu. Kila mtu alikuwa na hamu ya dagaa, bei iko juu, na mimi nikanunua magunia kwa mtu niliyekutana naye siku ileile bila hata kuonja. Walikuwa wameanikwa mchangani. Nilipofika nao Tabora wanawake wa sokoni wakawa wanatafuna mmoja, wanatema, wanapita. Nilipoteza karibu laki moja na nusu. Bibi alikuja kunifundisha baadaye, tena bila kunisimanga: chukua konzi moja, tia kwenye bakuli la maji, koroga, subiri, tazama chini. Mchanga hauwezi kujificha kwenye maji. Halafu mvunje mmoja. Akikunjika badala ya kukatika, hajakauka, atakuozea njiani. Na ununue giza la mwezi, wakati wanavua kwa wingi. Wa chanja ni ghali kidogo kuliko wa mchangani, lakini hawakurudishwi.

Septemba, siku ya Jumamosi, nilikuwa Kibirizi napima dagaa kwa sado ujumbe ukaingia. Aliyekuwa mume wangu anaoa. Aliyenitumia aliweka na picha. Nilisoma, nikarudisha simu mkobani, nikamalizia sado ya tano. Sikumbuki sana nilichohisi, nakumbuka kwamba nilikosea hesabu na mteja akanirudisha: "Dada, hiyo ni ya nne." Alikuwa mkweli. Angeweza kunyamaza... kwa kweli angepata hasara yeye. Basi ndivyo nilivyokuwa siku hiyo.

Oktoba nikabeba mzigo ninaoupenda kuliko yote: kichwa cha cherehani. Kulikuwa na binti Mwamgongo, kijiji cha pwani ya ziwa kaskazini ya hifadhi ya Gombe, amemaliza kujifunza ushonaji na shangazi yake wa Ujiji amemnunulia cherehani ya mtumba. Meza ilikwenda kabla. Kichwa kilihitaji mtu wa kukipakata. Nilipanda boti ya abiria Kibirizi, watu, mikungu ya ndizi, mbuzi wawili, na mimi nimekumbatia chuma. Kwa anayetaka kusafiri ziwani: kaa katikati, vaa jaketi okozi hata kama wenzako wanakucheka, na ondoka asubuhi kabla upepo haujapata nguvu. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470. Mimi sijui kuogelea. Kwa asiyejua kuogelea mita mbili zinatosha, lakini kuijua ile namba kulinifanya nikishike kichwa cha cherehani kwa nguvu zaidi, kama kingenisaidia.

Tulipita mbele ya Gombe. Sokwe hatukuwaona kutoka majini, nyani ndio walikuwa wamejaa ufukweni kama wenye nyumba. Mzee mmoja kwenye boti alinisimulia kwamba Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika pale Julai 1960, wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake, ikabidi aje na mama yake mzazi. Nilicheka nikamwambia afadhali mimi, wa kwangu kaniachia mwenyewe. Akauliza, "Unakwenda kwa nani?" Nikampigia kile kichwa cha cherehani kofi. Akatikisa kichwa, akaridhika.

Yule binti alipoifunga mashine kwenye meza yake, kitu cha kwanza alichoshona ni upindo wa baibui langu, lile lililonaswa ngazini Mei na nikalivaa hivyohivyo miezi mitano.

Novemba niliugua malaria, wiki nzima Ujiji kwa bibi, sina la kusimulia zaidi ya uji.

Wanaoniuliza habari ya pesa: mwisho wa mwaka, baada ya ile hasara ya dagaa na dawa na nauli, nilikuwa na laki 9 kasoro, kutoka laki 6 na nusu. Si utajiri. Ukigawanya kwa miezi utaona hata mshahara wa dukani ni bora. Lakini pia sikulipa kodi ya nyumba, na karibu kila nilipokwenda nilikula kwa watu, kwa sababu nilifika nikiwa nimebeba chao. Hesabu hiyo iweke pembeni ya ile nyingine.

Na kama wewe ndiye jirani wa mtu wa namna yangu, usimpe pole tu. Mtume. Usimtume dukani, mtume mbali kidogo, kitu chenye uzito, kwa mtu anayemsubiri.

Desemba, wiki moja kabla mwaka haujaisha, nilishuka Tabora alfajiri. Nilikuwa na ile ndoo ya mzee. Bibi alisema vyombo vya watu hurudi, na havirudi vitupu, akaijaza dagaa wa chanja na kitambaa juu. Mzee nilimkuta anachochea moto wa chai. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika, akafunua kitambaa, akatazama dagaa, akatafuna mmoja, hana mchanga. Kisha akainamisha pua ndani ya ndoo, akainua uso.

"Sasa asali ya mwakani nitaitia wapi? Imeshanuka yote hii."